Siku ya Sita Kwenye Jiwe la Mkunga

Kibondo,
11 Februari 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunachoshana bure. Mimi napiga kelele hadi majirani wanatoka nje, wewe unajibu "ehe, ehe", halafu mama mkubwa Ernesta ananiambia hukusikia hata neno moja. Basi vaa miwani yako, usome polepole.

Huku tuko salama. Winnie ameota meno mawili ya juu na sasa anang'ata kila kitu, madaftari ya wanafunzi wangu yakiwemo. Mahindi ya shuleni yamependeza. Mguu wa mama mkubwa unaendeleaje? Nimempa Claudine, jirani yangu mchuuzi anayetubebea barua, dawa ya kuchua, ampelekee akipita huko kwenda kununua bidhaa soko la Nyarugusu. Mama mkubwa asiitumie kwa magoti ya majirani wote, namjua.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa nne sisi walimu wa historia tumeitwa semina Tanga, siku kumi. Jumamosi moja ni ya mapumziko, na nimeulizia: ipo boti ya injini inayopeleka wageni kwenye mnara wa Jiwe la Mkunga. Mnara wako, baba mkubwa! Nilipoambiwa nilicheka peke yangu ofisini. Hapo Rungwe Mpya hakuna anayekuita Kasian. Wewe ni Mzee Taa, hata padri anakuita hivyo. Mimi nimekua nikiangalia kile cheti cha utumishi mwema ukutani, na nikiulizwa kwa nini nilisoma historia, huwa nasema ni kwa sababu yako.

Naomba uniandikie habari za mnara: nani aliujenga, taa ilifanyaje kazi, na ulifanya kazi na akina nani, ili nikifika nijue wa kumsalimia. Pia mkuu wetu wa shule amekubali uje uzungumze na wanafunzi mwezi wa saba. Wanakusubiri kwa hamu.

Mwanao,
Yusta


Rungwe Mpya,
3 Machi 2024

Mwanangu Yusta,

Mwakeye. Najua utanicheka kwa kuanza na Kiha, wewe mwalimu mwenye Kiswahili sanifu, lakini ndivyo nilivyoamka. Mama yako mkubwa amepokea dawa. Magoti manne yameshachuliwa, lake ni la tano. Maharage yamepigwa na mvua ya mawe upande wa bondeni, ya juu yamepona. Kigango kimenichagua tena kuwa mwenyekiti. Nilikataa mara mbili, wakapiga makofi, nikakubali.

Umeuliza habari za mnara. Ulijengwa na Wajerumani kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba ambao maji yakijaa huwezi kuzunguka bila kulowa. Waingereza wakaja wakabadilisha kioo. Kioo kile kilikuwa kirefu kuliko mimi, kinazungushwa na uzito ulioning'inia kwenye mnyororo katikati ya mnara. Kila baada ya saa tatu unazungusha hendeli kuupandisha uzito juu, kama unavyoteka maji kisimani, lakini mara mia mbili. Usipozungusha, kioo kinasimama. Taa inaendelea kuwaka, ila mwanga unaelekea upande mmoja tu, na pande nyingine zote ni giza. Manahodha walikuwa wanaujua mnara kwa kuhesabu mwanga unavyopita. Mimi nilifika pale mwaka 1972, nikitokea kwenye mashamba ya mkonge, maana nilijua kusoma na kuandika, na kutazama saa. Nikaondoka mwaka 1983.

Hiyo ndiyo historia. Wengine wote wameshakufa. Ila mwezi wa nne pepo za kusi zinaanza, na mtu wa milimani kama wewe atatapika toka mwanzo hadi mwisho. Mnara wenyewe umechakaa, hauna cha kuona. Ningekuwa wewe, siku hiyo ningekwenda sokoni kununua vitenge.

Mimi baba yako mkubwa,
Kasian


Kibondo,
28 Aprili 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa maharage. Sisi tumerudi salama. Winnie hakunitambua siku ya kwanza, akalia nilipombeba. Siku ya pili akakubali kwamba mimi ni mama yake.

Nilikwenda mnarani. Nilitapika, ndiyo, lakini wakati wa kwenda tu. Nilipanda ngazi zote mia moja na kumi na mbili nikizihesabu kwa ajili ya wanafunzi. Kioo bado kipo, ingawa taa ya sasa inatumia umeme wa jua na hakuna anayelala pale. Nikashika ile hendeli, nikajaribu kuizungusha, haikusogea hata kidogo. Imeganda kwa kutu.

Anayewatembeza wageni ni mama mmoja wa miaka sitini na kitu, anaitwa Mwanahawa. Ana funguo za mnara shingoni, na anapanda zile ngazi haraka kuliko sisi. Alizaliwa na mtunza taa, akakulia palepale mwambani. Chini mlangoni kuna ubao wa majina ya watunza taa wote. Lako lipo. Juu ya lako kuna jina Nurudini, nalo limepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa "aliachishwa kwa uzembe, Julai 1977". Huyo ndiye baba yake. Kila mgeni anayemleta mlangoni anasimama naye mbele ya mstari ule, na yeye ndiye anayeusoma kwa sauti.

Alitusimulia mengi. Mengine nitakuandikia siku nyingine.

Nina swali moja. Ulipopata habari ya msiba wa babu, ulikuwa wapi?

Mwanao,
Yusta


Rungwe Mpya,
16 Juni 2024

Mwanangu Yusta,

Usikasirike kwa kuchelewa. Claudine alipita mara mbili nikiwa sipo. Mara ya kwanza nilikuwa Muyama kwenye harusi, mara ya pili nilikuwa shambani. Mama yako mkubwa anasema nilikuwa chumbani, lakini yeye siku hizi anasahau. Tumeezeka upya jiko. Ng'ombe amezaa dume, tumempa jina la mtendaji wa kijiji kwa sababu anakula sana, usimwambie mtu.

Kuhusu msiba wa babu yako, mawasiliano wakati ule yalikuwa magumu, barua zilikaa njiani wiki mbili. Walizika bila mimi. Hayo ni mambo ya zamani.

Kuja kuzungumza na wanafunzi sitaweza. Kiuno. Mwambie mkuu wako nimeshukuru.

Huyo mama alisema nini?

Kasian


Kibondo,
30 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo, na leo sina habari nyingine za nyumbani.

Nitakuambia alichosema, kisha nitakuambia nilichofanya mimi, na hicho cha pili ndicho kimenifanya nishindwe kulala vizuri tangu niliporudi.

Mwanahawa alisema kwamba Julai 1977 boti la mizigo liligonga mwamba kwa sababu kioo kilikuwa kimesimama. Baharia mmoja alikufa. Wakubwa wakaja kuuliza. Baba yake akakiri kwamba alipitiwa na usingizi. Akaeleza kuwa alikuwa amekesha siku sita mfululizo peke yake, kwa sababu mwenzake amefiwa na baba, na kwa desturi ya kwao mfiwa hagusi kazi. Wakubwa wakamgeukia mwenzake wakamuuliza, "Umefiwa?" Mwenzake akajibu, "Hapana, sijafiwa." Basi Nurudini akawa mzembe, na juu ya uzembe akawa mwongo. Alifukuzwa bila kiinua mgongo. Alirudi bara na watoto watano, akawa anapasua kuni za watu wanaooka mikate.

Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na mitano. Anasema kinachomuuma si kuni. Kinachomuuma ni kwamba hajui kama baba yake alisema kweli. Anakumbuka Muha mmoja amekaa kwenye ngazi siku nyingi bila kufanya kazi, lakini watu walimwambia labda alikuwa mgonjwa, labda mlevi. Kwa hiyo kila mgeni akisema anatoka Kigoma, anamuuliza: "Unamjua Kasian? Ni kweli baba yake alifariki mwaka ule?"

Akaniuliza mimi.

Baba mkubwa, mimi nimeng'oa majani kwenye kaburi la babu tangu nikiwa darasa la kwanza. Tarehe iko kwenye msalaba, Julai 1977, nimeisoma mara elfu. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nikamwambia, "Mimi natoka Tabora, mama, huko sikujui." Kisha nikasaini kitabu cha wageni: Yusta, Tabora. Aliniambia asante, akanishika mkono nisiteleze kwenye kuingia botini.

Sasa niambie kwamba kuna kitu sikijui. Niambie kwamba si wewe.

Yusta


Rungwe Mpya,
9 Julai 2024

Yusta,

Barua yako nimeisoma.

Mtoto aliyesomeshwa na mahindi yangu amenikalisha chini kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Hukuwepo. Hujui bahari, hujui wakubwa wa wakati ule, hujui maana ya kijana wa Kasulu kupata kazi ya serikali.

Ulifanya vizuri kusema unatoka Tabora. Na iwe hivyo. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

K.


Kibondo,
28 Julai 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na mistari michache, lakini mmoja umenitosha. Uliposema nilifanya vizuri, niliona aibu kuliko kama ungenitukana. Nilijiona jinsi tunavyofanana.

Nimempigia Mwanahawa. Nilitafuta namba yake kwa wenye boti. Nikamwambia, "Mama, mimi ni yule mwalimu wa mwezi wa nne. Sitoki Tabora. Natoka Kasulu, na Kasian ni kaka yake baba yangu." Kisha akasema, "Basi tuseme sasa ndiyo umefika."

Hakuniuliza tena lile swali, nami sikumjibu. Nilimwambia jibu linatakiwa litoke kwa mwenyewe. Sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima yako au kwa woga wangu tu.

Ubao wa majina unapakwa rangi upya mwishoni mwa Septemba. Mstari mwekundu unaweza kuondolewa iwapo kuna shahidi ataandika na kusaini. Mashahidi walikuwa wawili, na mmoja, Nurudini mwenyewe, alishafariki mwaka 1998.

Najua maana yake. Mwenyekiti wa kigango atasimama mbele ya watu waliomwita Mzee Taa miaka arobaini. Mama mkubwa atajua. Watoto wako watajua. Lakini yule mama ni mzee sasa, na anasoma mstari ule kila Jumamosi.

Mwanao hata ukikasirika,
Yusta


Rungwe Mpya,
1 Septemba 2024

Mwanangu Yusta,

Sisi ni wazima. Mahindi yote yameingia ghalani. Nilianza barua hii mara tatu nikaichana, na hii ya nne usiisome mbele ya watu.

Ni mimi.

Barua ya baba yako, mdogo wangu, ilinifikia kwa boti ya chakula. Imeandikwa, "Baba amefariki tarehe tatu, tumemzika." Nilitaka kuondoka na boti ileile, wakakataa, ruhusa lazima itoke Dar es Salaam, na kwa kusi ile boti isingerudi kwa wiki mbili. Unajua kwetu ilivyo. Siku nane mtoto wa marehemu hashiki jembe, hachoti, hapasui. Ukishika, umemtupa mzee wako. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa mtoto wa kwanza. Nikamwambia Nurudini, "Mimi siwezi kugusa hendeli mpaka siku nane ziishe." Kazini haikuruhusiwa. Alikuwa na haki ya kunipiga kofi. Akasema, "Kaa msiba wako, Kasian. Taa niachie mimi." Mkewe akawa ananiletea uji kwenye ngazi, ananipa pole kwa Kiswahili chao kile kizuri.

Mara sita jua lilizama, mara sita akapanda peke yake. Mchana nako alikuwa na kazi ya kusafisha kioo na kuchuja mafuta. Nilimwona anavyoyumba. Siku ya sita, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepulizia moto wa kuni mbichi. Ningeweza kusema, "Lala, nitashika." Nilisema moyoni kwamba zimebaki mbili tu.

Asubuhi tulimtoa yule baharia majini, mimi na yeye. Kijana tu.

Walipokuja wakubwa, Nurudini alisema kweli yote. Hakunilaumu. Alisema kama anayenitetea: "Mwenzangu amefiwa, msimguse." Mkubwa akanigeukia, akasema aliyeacha kazi bila ruhusa atakwenda jela pamoja na mzembe. Akauliza, "Umefiwa?" Barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nikasema, "Hapana, sijafiwa."

Yusta, sikumkana Nurudini peke yake. Nilimkana baba yangu akiwa na wiki tatu tu kaburini, kwa sababu ya mshahara. Jioni nikapanda nikashika hendeli, siku mbili kabla ya msiba kuisha. Nurudini alifungasha vitu vyake akanipita kwenye ngazi. Sikuinua macho. Mwaka uliofuata wakanipa cheti.

Niliporudi nyumbani, watu waliniuliza kama niliukaa msiba wa mzee huko huko. Nikajibu niliukaa. Wakanisifu.

Jumapili iliyopita nilimwambia Ernesta. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, kisha akasema, "Ndiyo maana kaburini kwa mzee huwa unasimama mbali." Hajanisemesha sana tangu siku hiyo, ila chakula anaweka. Juzi nimewaambia wanakigango baada ya ibada, nikiwa nimesimama, nikaacha uenyekiti. Hakuna aliyepiga makofi. Kuna waliotoka bila kunipa mkono, na mjukuu wangu mmoja shuleni ameulizwa kama babu yake ni muuaji.

Ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji na sahihi yangu. Nimeandika kama nilivyokuandikia wewe, bila kupunguza. Ipeleke kabla hawajapaka rangi.

Kasian


Kibondo,
6 Oktoba 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Winnie ametembea hatua nne, akaanguka, akajipigia makofi mwenyewe. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua umekaa na jambo zito, nami pia.

Karatasi ilifika. Mstari umefutwa. Mwanahawa amenitumia picha: jina la baba yake ni jeupe, safi, halina neno pembeni. Lako pia lipo, hawakuligusa. Aliulizwa kama anataka liondolewe, akasema liachwe, kwani nawe ulikuwepo.

Nilimpigia. Nilitarajia alie au akulaani, na yote mawili yangekuwa haki yake. Hakusema amekusamehe, nami sikumuuliza. Alisema, "Kwa hiyo baba alisema kweli." Akarudia mara mbili, kama mtu anayejaribu nguo.

Kisha akanieleza jambo ambalo lazima nikuandikie, ingawa najua litakuumiza. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, mzee Nurudini alikuwa anasomesha khitma ya wazee wake, hata miaka ile ya kuni, kwa uji mtupu bila nyama. Majina yakiisha kusomwa, alikuwa anaongeza la mwisho: "Na baba yake Kasian." Mwaka mmoja maalimu akamwambia, huyo si wa dini yetu, na mwanawe ndiye aliyekuponza. Mzee akajibu, "Msiba ule niliukesha mimi. Ni wangu." Akaendelea hivyo hadi alipofariki. Mwanahawa amekuwa akiendeleza kwa sababu baba yake alimwachia, ingawa kila mara alikuwa anajiuliza kama anamwombea mtu ambaye hakuwahi kufa.

Sasa anataka kuomba vizuri. Ameuliza jina la babu.

Nalijua, ni babu yangu. Lakini mara hii pia nimelizuia, na safari hii si kwa woga. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mwanao,
Yusta


Rungwe Mpya,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Yusta,

Mvua zimeanza na Ernesta ameshapanda maharage ya bondeni. Jana aliniita nimshikie kamba ya kupimia mistari, nikaenda mbio.

Barua yako niliisoma asubuhi, na hadi jioni sikuweza kula. Kwa miaka yote nilijiambia kwamba Nurudini ananichukia mahali fulani, na jambo hilo lilinipa nafuu, kwamba angalau tunalipana. Kumbe hata nafuu hiyo sikustahili.

Nimemwandikia Mwanahawa mwenyewe, kwa mkono wangu, Claudine ameondoka nayo leo. Nimemwambia baba yangu aliitwa Manirambona, na nimeliandika kwa herufi kubwa asije akakosea. Nilitaka kuongeza maneno, nikakaa na kalamu hadi wino ukakauka.

Mimi mtoto wake wa kwanza nilimlilia siku sita. Yule niliyemwita mwongo alimlilia miaka ishirini na moja, bila kulijua jina lake, kwa sababu alipokuwa ananipa pole sikuwahi hata kumtajia.

Kasian